Shikamoo, Mkorofi

Kwanza husikika kishindo, kisha tusi dogo, kisha kimya cha mtu anayetazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona. Mimi siinui kichwa. Nachoma soli kwa msharasi, navuta uzi, najisemea: mgeni huyo. Duka langu la kushona viatu liko chini kabisa, pale ngazi zinapogusa barabara, na kwa miaka yote niliyokaa hapa, kwanza na baba, kisha peke yangu, nimekosea mara moja tu.

Tunasema "ngazi" basi, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Ni za mawe, pana, zimejengwa kabla babu zetu hawajazaliwa, na zinaunganisha mji wa chini wenye soko na mji wa juu wenye nyumba zetu. Katikati, mara tu baada ya kibaraza cha kupumzikia, kuna kidato kimoja kilichowazidi wenzake kimo. Kwa nini, hakuna ajuaye. Kuna wanaosema fundi aligombana na mkewe asubuhi ile, na kuna wanaosema hakuwa na mke, ndiyo sababu. Kidato hicho tunakiita Mkorofi. Ukimfikia lazima uinue goti na kuinama kidogo, la sivyo utajikwaa kama wageni wote, na baba yangu, ambaye mzaha ulimtoka hata akiwa na misumari mdomoni, alitufundisha mimi na kaka kumwamkia kabisa. "Ni mkubwa kwetu sote," alisema. "Kuinama mmeshainama, imebaki salamu." Basi kila siku, tukirudi shule na mabegi mgongoni: shikamoo, Mkorofi.

Baba alipofariki, macho ya mama yalianza kufifia, na daktari akasema hayatarudi. Mama alilipokea jambo hilo kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Asubuhi alikubali kushuka nami dukani, mkono wake kwenye mkono wangu, lakini alasiri alipanda peke yake kwenda kuinjika chakula, na ole wako ujitie kumsaidia. "Macho yamenikimbia," alikuwa akisema, "miguu bado yangu." Nami nilimpenda kwa ukaidi huo, ingawa kuishi nao nyumba moja kulihitaji moyo.

Kaka alikuwa akiishi mbali, kwenye jiji la majengo ya lifti. Kila akipiga simu alikuwa na wimbo uleule: mama ahamie kwake. Siku moja mama akachoka.

"Haya. Siku nitakayoanguka kwenye ngazi, njoo unichukue. Sitakuwa na neno."

"Mama, umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Alikata simu huku akitabasamu, kama mcheza karata aliyeficha turufu.

Kisha ikaja mvua ile. Ilinyesha mpaka ukuta wa pembeni ukalegea, na sehemu ya juu ya ngazi ikaporomoka. Manispaa ilituma watu wakafunga kamba na kutuambia tuzunguke kwa barabara kuu. Tuzunguke! Ngazi zilizombeba kila bibi harusi na kila mgonjwa wa mji huu, leo zifungwe kwa kamba ya kuanikia nguo? Sijui ni nani aliyeikata ile kamba. Najua tu kwamba Jumamosi iliyofuata wapagazi wa sokoni walipanga mstari na kupitisha mawe mkono kwa mkono, kinyozi akawanyoa mafundi bure, mimi nikashona buti zao zote, na mama akawa anapika chai na kulalamika kwamba waashi wanakula sukari kama sisimizi. Sijawahi kuupenda mji wangu kama nilivyoupenda miezi ile.

Aliyeongoza kazi alikuwa mwashi tuliyemwita Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha kupimia usawa hakikumtoka mfukoni. Watu walisema alipooa alikilaza kwanza juu ya kitanda, aone kama kimekaa sawa. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na kitu kilichopinda kilimuuma kama jino. Alipomfikia Mkorofi alimng'oa, akampasua, vipande akavifukia kwenye msingi, kisha akaweka mahali pake kidato kilichonyooka, kimo sawa na wenzake. Wote tuliona na wote tulishangilia. Hata mama, aliyemtukana Mkorofi kuliko sisi sote, alisema afadhali.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, akapanda na wenzake kutoka mjini kwao kama watu wanaotembea sebuleni. Kisha tukafuata sisi wenyewe. Tulipopita kibaraza, mstari wote wa mbele ukainua magoti kumpanda Mkorofi, na Mkorofi hakuwepo. Nyayo zilikanyaga hewa, kisha zikashuka kwa kishindo. Kinyozi alimwangukia muuza mkate, ngoma ya bendi ikabingirika mpaka mlangoni kwangu. Wageni walitutazama kutoka juu, wasielewe watu gani hawa wasiojua kupanda ngazi zao. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Pimamaji peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, kifaa chake kimelala juu ya jiwe, anatuita: "Lakini iko sawa! Njooni muone!"

Mama hakuwepo siku hiyo, maana hapendi msongamano. Jioni nilimwambia Mkorofi ameondoka, na akajibu kwamba ameshasikia, yeye si kiziwi. Kichwa kilisikia kweli. Mguu haukusikia.

Kesho yake alasiri aliaga, akachukua fimbo yake, akaanza kupanda. Nilikuwa nimeinamia kiatu. Nikasikia kishindo, na kwa mazoea nikajisemea: mgeni huyo. Nikavuta uzi. Kisha nikakumbuka kwamba wageni hawaanguki tena.

Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Kaka aliwasili siku ya pili, na nikiri kwamba hakuja kwa ubabe. Alimlisha mama uji kwa mkono wake, akamfunga mtandio, kisha akapakia nguo zake kwenye begi, taratibu, akizikunja vizuri kuliko mimi. Mama hakupinga. Alikuwa mtu wa neno lake. Alikaa dukani kwenye benchi la wateja, plasta mkononi, akisubiri gari.

Ndipo Pimamaji akaingia, kofia mkononi.

"Mama, nimekuumiza."

"Wewe ulinyoosha kazi yako, baba. Kaa unywe maji."

Hakukaa. "Nataka kumrudisha. Alikuwa na kimo gani?"

Tulitazamana. Mimi nilionyesha chini ya goti, kaka akaonyesha shubiri moja. Kinyozi aliitwa, akataja kimo cha tatu, akaapa kabisa. Tulikuwa tumempanda maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kumtazama.

Mama akasimama. Alinishika bega, akainua mguu wa kulia na kuuacha hewani.

"Wekeni kitu hapo chini."

Pimamaji aliburuta kibao changu cha kukatia ngozi, akaweka juu yake soli, soli juu ya soli, na mama akawa anashusha unyayo na kutikisa kichwa. Bado. Bado kidogo. Hapo mmezidisha, ondoa moja. Jasho lilikuwa likimtoka yule fundi. Kisha unyayo ukatua, goti likapinda lilivyozoea, na uso wa mama ukafunguka.

"Shikamoo, Mkorofi," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Pimamaji hakutoa kifaa chake. Aliomba uzi wangu wa kushonea, akaunyoosha kutoka sakafuni hadi chini ya unyayo wa mama, akaukata.

Kazi ile aliifanya mwenyewe, kifaa chake akiwa amekiacha nyumbani. Alisema kinamtia aibu. Kaka alinung'unika kuhusu likizo yake lakini alisubiri saruji ikauke, na siku ilipofika mama alimwambia wazi: alianguka kwenye ngazi za watu wengine, hiyo haihesabiki. Yeye atapanda leo. Akianguka, gari liko pale chini. Kaka akabeba begi, akamfuata nyuma, mikono tayari kumdaka.

Nilisimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, roho juu. Wapagazi walitua mizigo. Mama alipanda kwa mwendo wake, fimbo mbele, akavuka kibaraza, akainua goti. Unyayo ukatua. Midomo yake ikatikisika kwa salamu, akasonga mbele.

Nyuma yake kikasikika kishindo, na begi likabingirika.

Mama hakugeuka. "Huyo mgeni nani?"

Hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, kiatu chake cha kung'aa kimechanika ncha, miaka yake yote ya mbali imemjaa usoni.

"Mimi, Mama."

"Inua mguu, mwanangu."

Aliokota begi, akainua mguu, akampeleka mama nyumbani kwetu, kule juu. Kile kiatu nilikishona mimi, akaondoka peke yake, na tangu hapo haukupita muda mrefu bila yeye kurudi kututembelea.

Mama alizipanda ngazi miaka mingine mingi. Siku tuliyomshusha kwa mara ya mwisho, kaka alikuwa mbele, jeneza begani, machozi yamemziba macho asione hata jua. Mimi nilikuwa nyuma nikiitazama miguu yake. Alipomkaribia Mkorofi alimtaja kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtaja jirani, na wenzake wote wakashusha mguu pamoja naye. Mama hakutikisika.