Breki Arudi Kazini

Siku mumewe aliporudi, Fundi alikuwa ameifungua rili ya mteja na kuzipanga sehemu zake juu ya gazeti kuukuu kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, ili wakati wa kuzirudisha asibaki na skrubu mkononi asijue ni ya wapi. Rili ni ile mashine ya duara inayofungwa juu ya fimbo ya kuvulia samaki wakubwa. Inakunja uzi, na ndani yake mna breki inayomwachia samaki uzi kidogo kidogo anapokimbia, asije akaukata. Hii ya leo ilikuwa inashtukashtuka. Inabana, inaachia ghafla, inabana tena. Fundi alikwisha ona sababu: washa za breki, vile visahani vyembamba vinavyobana, zilikuwa zimegandwa na chumvi, nyeupe kama zimepakwa chokaa. Alikuwa anazisugua moja moja kwa mswaki wa zamani.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia mumewe. Maji yalikuwa yanamchuruzika toka nywele hadi miguuni. Kwapani amebana rili kubwa ya rangi ya dhahabu.

"Usikanyage hapo," Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Kuna springi imeniponyoka, sijaiona bado."

Mumewe akasimama. Akatazama sakafuni, akainama kwa shida, akaiokota springi na kumwekea juu ya gazeti, mahali pake hasa. Hapo ndipo mkewe alipoinua uso akamtazama, na mswaki ukabaki hewani.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimetembea chini kwa chini," mumewe alijibu. "Kuna matope sana."

Alikuwa amekufa wiki kadhaa zilizopita. Alikuwa baharia katika boti ya kutembeza wageni wanaopenda kuvua samaki kwa starehe, na wenzake walimwita Breki, kwa sababu mgeni akipata samaki yeye husimama nyuma yake akipiga kelele, "Breki! Legeza breki!" Siku hiyo samaki mkubwa alivuta, mgeni akaogopa, akaiachia fimbo. Breki akaegemea ukingo wa chuma unaozuia watu wasianguke baharini, upande wa kulia, ili aidake. Aliidaka. Ukingo ukakatika, akaenda nao, na fimbo na rili yake.

Ukingo ule alikuwa ameusemea hadi akachoka. Chuma kilikuwa kimeliwa kwa ndani, unakigonga kinatoa sauti ya mkebe. Mwenye boti, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alijibu kwamba kuutengeneza maana yake ni kuipandisha boti nchi kavu, na msimu ndio kwanza umechanganya. Baada ya ajali alimwambia ofisa wa bandari kwamba marehemu alikuwa mzembe, alipenda kujionyesha mbele ya wageni. Maneno hayo yalimfika Fundi akiwa bado hajamaliza kulia, na yakamkausha machozi palepale.

Sasa Breki alijaribu kukaa kwenye stuli, magoti yakakataa kukunja. Yalilia kama bawaba.

"Chumvi," Fundi alisema.

Akampeleka uani, akamsimamisha kwenye saruji karibu na bomba. Alikuwa na mpira wa maji, lakini hakuugusa. Wateja wake wote alikuwa akiwaonya juu ya jambo hilo: ukiipiga rili maji ya nguvu unaisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Alichukua ndoo ya kumwagilia maua, akammwagia taratibu kuanzia utosini, maji ya bomba, mpaka yale yanayodondoka kwenye vidole vya miguu yakawa hayana ladha. Alijua kwa sababu aliyaonja. Kisha akamkausha kwa kitambaa cha pamba, akamtia tone la oili nyepesi kwenye kila kiungo, tone moja tu, maana oili ikizidi inakusanya uchafu. Breki akakunja goti, akakunjua. Akatabasamu.

Mkono wa kushoto ulikuwa bado umefumba. Fundi akaufungua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na kipande cha ule ukingo, chembamba kama ganda la yai, kimetoboka.

Akaweka sikio kifuani pake, kama anavyoweka sikio kwenye rili kusikiliza beringi. Hakusikia kitu. Alibaki pale kidogo, akiwa ameegemea.

Mama mkwe alirudi sokoni akawakuta hivyo. Akatua kikapu.

"Mwanangu, umekonda," alisema. Halafu akamgeukia Fundi. "Na ile nguo yake ya kijivu nimeshampa fundi bomba, unajua. Sasa atavaa nini?"

"Atavaa ya kazini, mama."

"Asikae kwenye kochi lakini. Lile sponji likiloa halikauki."

Kwa hiyo Breki akawa anakaa kwenye stuli ya karakana. Hakula, hakulala. Alimsaidia mkewe kufungua rili zilizoshikana kwa kutu, kwa sababu mikono yake haikusikia maumivu. Siku Fundi aliposahau kumwosha, chumvi ilimtoka shingoni na viwikoni, na jioni hakuweza kugeuza kichwa. Mama mkwe alimcheka, akamwambia amekuwa kama marehemu baba yake alipokuwa hai.

Tajiri alikuja mara tu habari zilipomfikia. Alisimama mlangoni, macho yakaenda moja kwa moja mezani.

"Ndiyo yenyewe!" alisema, akainyanyua ile rili ya dhahabu kwa mikono miwili. "Nilijua haiwezi kupotea hivihivi. Breki, hujambo bwana?"

"Sijambo, Tajiri."

"Ilikaa sana majini?"

"Wakati wote nilipokuwa huko."

"Nimeshaisafisha," Fundi alisema. "Beringi mbili nimezibadilisha. Sasa tuongee habari ya ukingo."

"Ukingo gani tena, shemeji?"

"Uliomuua mume wangu."

Tajiri akamtazama Breki, akamtazama Fundi, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaniwa na shemeji. "Mumeo si huyu hapa?"

Wakamwita ofisa wa bandari. Alikuja mchana, akapewa kiti, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa mtu mpole asiyependa makelele. Fundi akamwekea kile kipande cha chuma mbele yake.

"Hiki alikuwa amekishika alipoanguka. Tazama kilivyoliwa."

Ofisa akakigeuzageuza. "Kimekaa baharini wiki nyingi," alisema. "Hata kingekuwa kipya kingeliwa tu."

"Basi muulize mwenyewe."

Ofisa akakohoa. "Ndugu, umekufa?"

"Nimekufa," alijibu Breki.

"Lakini umekuja hapa kwa miguu yako."

"Ndiyo."

"Na unamlalamikia Tajiri."

"Nasema chuma kilikuwa kibovu. Nilimwambia, na wenzangu walisikia."

Ofisa akanywa maji, akafikiri kwa dhati kabisa. "Hapa ndipo pagumu," alisema. "Marehemu halalamiki. Na huyu anayelalamika hawezi kuwa marehemu. Kama hajafa, hakuna kifo. Kama hakuna kifo, mimi nachunguza nini?" Aliuliza swali hilo kama anayetaka kusaidiwa. Akasimama, akamshika Breki mkono kumuaga, kisha akajipangusa kwa leso.

Tajiri ndiye aliyebaki nyuma. "Kazi yako ipo," alimwambia Breki kwa upole. "Sikumpa mtu nafasi yako moja kwa moja. Jumatatu uje."

Alipoondoka, Fundi alipiga bisibisi mezani mpaka skrubu zikaruka.

"Huendi."

"Nikikaa hapa nitashika kutu, mke wangu."

"Mimi nipo. Nitakuosha asubuhi na jioni."

"Najua." Breki alikuwa anakusanya skrubu, anazirudisha kwa mfuatano. "Lakini lile pengo bado liko wazi. Wamefunga kamba tu. Atasimama mwingine pale, mwenye pumzi. Mimi nikisimama, basi, bahari inichukue mara ngapi?"

Fundi alimgeuzia mgongo, akajifanya anatafuta grisi kabatini, na mkebe wa grisi ulikuwa mezani mbele yao.

Jumatatu Breki akaenda.

Katikati ya msimu Fundi alishuka gatini kupeleka rili mbili zilizokuwa zinazunguka kinyume. Kile kijino cha ndani kinachozuia mkono wa rili usirudi nyuma kilikuwa kimelika, akachonga kipya. Boti ilikuwa inajiandaa kuondoka. Upande wa kulia, pale ukingo ulipokatika, palikuwa hapana chuma wala kamba. Alisimama mumewe. Mkono mmoja ameshika ncha ya ukingo iliyobaki mbele, mwingine ameshika ncha ya nyuma, ameziba pengo kwa kifua chake. Wageni walipanda wakimshika bega, mmoja baada ya mwingine. Bega hilo lilikuwa limevishwa mpira wenye vinundu, kama ule wa kwenye mishikio ya baiskeli, ili mkono usiteleze.

"Imara kweli kweli," alisema mgeni mmoja aliyekuwa mzito, akamwegemea kwa mwili mzima kupiga picha.

Breki alimwona mkewe. Hakuweza kumpungia, mikono ilikuwa kazini. Alimkonyeza.

Jioni hiyo, alipokuwa akimwosha, Fundi aliona ngozi ya bega imelika chini ya mpira, kama washa iliyofanya kazi muda mrefu mno. Alipapaka grisi akaona haitasaidia, maana kitu kikishalika hakijazwi kwa grisi. Kinabadilishwa. Hakumwambia. Mumewe alikuwa anamsimulia habari za samaki.

Kabla msimu haujaisha Tajiri akaja na rili zote za boti, azifanyie usafi mkubwa. Alikuwa na furaha. Alikaa kwenye ile stuli, akaikuta imeloa, akahama.

"Shemeji," alisema, "ukingo wa kushoto nao umeanza kutikisika."

Fundi aliendelea kutia tone la oili kwenye beringi. "Upandishe boti nchi kavu."

"Tumejaa nafasi mpaka mwisho. Nikisimamisha boti sasa watahamia kwa wengine." Akasogeza kiti. "Nilikuwa nauliza, wewe ni mtu wa hizi kazi. Humjui mwingine kama Breki?"

"Mwingine wa namna gani?"

"Aliyetoka majini."

"Hawaagizwi dukani, Tajiri."

"Hapana, hapana, naelewa."

"Nani anasimama upande wa kushoto sasa hivi?"

"Yule baharia mpya. Mchapakazi, mke wake amejifungua juzi tu." Tajiri alitazama nje ya dirisha, akafikiri, kisha akapiga mapaja yake kama mtu aliyekwisha kata shauri. "Basi. Tutasubiri tuone."

Fundi aliweka chupa ya oili mezani. "Huyo mtu nitamwambia," alisema.

"Mwambie tu. Anajua. Breki anamwambia kila siku." Tajiri akasimama, akachukua rili zilizokwisha tengenezwa. Alivuta uzi wa moja, breki ikaachia taratibu bila kukwama hata kidogo, akaguna kwa kuridhika. "Halafu usizikaze breki zikiwa kabatini, shemeji. Zikikaa zimebanwa zinachoka."

Akaziingiza kila moja kwenye mfuko wake wa kitambaa, akazibeba nje mbili mbili, akazipanga kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kisha akavuta mkanda wa kiti, akazifunga vizuri, akautikisa kuhakikisha, zisije zikaanguka kwenye kona.