Njia Tatu za Geresom

Uso wa Geresom ulikataa kuchoreka. Bruhan aliufuta mara nne, karatasi ikaota manyoya kama blanketi kuukuu, kisha akaiweka penseli mezani na kumtazama Hasifa.

"Bado humjui mtu wako, dada," alisema. "Unayajua yanayompata tu. Niambie anashikaje kikombe. Akiingia chumbani, anakaa wapi? Anaogopa nini?"

Hasifa alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa katika ofisi moja mjini Jinja, na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza: hadithi ya picha ya Kiswahili. Geresom, askari magereza, anatoka Jinja kwa miguu kurudi kwake Mbale, Januari ile ya 1986, jeshi la serikali lililoshindwa vitani likikimbilia mashariki. Kwenye njia panda, msomaji ndiye anayemchagulia. Akishika barabara kuu, fungua ukurasa wa sita. Akizungukia Buwenge, ukurasa wa kumi. Akingoja vurugu zipite, ukurasa wa kumi na nne. Bruhan, mwenye duka dogo la kuchapa pale Mbale, alikubali kukichora kwa sababu wasomaji aliwajua: askari wa kambini, watu wa magereza na wafanyabiashara Waislamu, wachache mjini waliosoma Kiswahili bila kukunja uso.

Hasifa alifumba macho, na majibu yakaja upesi kuliko alivyotarajia.

"Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Haupi mlango mgongo. Yeye humwita kila mtu jirani, hata mfungwa. Sikio la kushoto lina pengo, kama limemegwa."

Penseli ikaanza kukimbia. Uso ulitoka mara moja, bila kufutwa popote: uso wa mtu aliyekatizwa alipotaka kusema jambo.

"Sasa yupo," Bruhan alisema kwa sauti ndogo, akaigeuza karatasi kifudifudi.

Wiki tatu baada ya kitabu kutoka, Bruhan alituma ujumbe: njoo, kuna afande anakuulizia. Hasifa alifika Mbale Jumamosi asubuhi. Ndani ya duka alikuta mwanamke mrefu aliyevaa sare za magereza, kitabu kimelala magotini pake, pembe zake zimeshalegea kwa kufunguliwa. Bruhan alimtaja kuwa ni Afande Adero, akatoka nje.

"Wewe ndiye uliyemwandika?"

"Ni mimi, afande."

"Ulimwona wapi mume wangu?"

Hasifa alicheka kidogo, kicheko kikamkauka. "Nimemtunga tu, afande."

"Mume wangu hakuitwa Geresom. Aliitwa Lawrence, alikuwa kazini Jinja, na Januari ile hakufika nyumbani. Lakini sikio hili ni lake. Na hili neno jirani ni lake." Alifunua kurasa bila kuzitazama. "Nimezipita njia zako zote. Barabara kuu anakamatwa. Akingoja, anapotea. Ya Buwenge inaishia darajani, na husemi kama alivuka." Akainama karibu. "Pale darajani anavua viatu, sivyo? Hakuwahi kuvuka daraja na viatu."

Hasifa alikitazama kitabu kile; sentensi hiyo haikuwamo. Sentensi ya viatu aliiandika siku moja na kuikata siku hiyohiyo. Ilikuwa kwenye daftari lake, nyumbani kwake Walukuba, Jinja, chini ya godoro, na hata Bruhan hakuwahi kuisikia.

"Niandikie njia ya nne," Afande Adero alisema. Sauti yake haikuwa ya kuamrisha tena. "Moja tu inayomfikisha."

Siku tatu Hasifa alijaribu. Kila alipomfikisha Geresom darajani, mtu yule alisimama, akageuka na kumtazama yeye aliyeshika kalamu, kama anayengoja kuelekezwa. Siku ya nne, mchana wa jua kali, aliamua kumrudisha nyuma hadi mwanzo wa safari. Aliandika: *Akabisha kwenye nyumba moja, akauliza njia.* Hapo kalamu ikamdondoka. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, kidole kimenyooka, kikielekeza upande wa Mafubira, njia ya kwenda Buwenge.

Aliutazama mkono ule mpaka ukamwonyesha ulikotoka.

Januari ile alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa amejificha chumbani kwa kuwaogopa askari, akinong'ona kwamba mlango usifunguliwe. Yeye aliufungua. Mtu aliyesimama pale aliomba maji, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza: jirani, njia ipi haina askari? Mtoto hakujua. Lakini aliona aibu kutojua, mbele ya mtu mzima aliyemwuliza kwa heshima namna ile, kwa hiyo akanyoosha kidole. Mtu akashukuru, akaenda alikoelekezwa.

Hasifa alilia mpaka alasiri ikapita. Kesho yake alipanda gari la Mbale bila daftari.

Afande Adero alimpokea kwenye nyumba za askari, akamketisha mezani. Hasifa alimweleza yote, hata aibu ile, hata kidole. Hakumwomba msamaha, kwa kuwa hakuona pa kuuanzia. Viatu tu ndivyo alivyoshindwa kuvieleza. Yeye mwenyewe darajani hakuwahi kufika.

Afande alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Maji aliyamaliza?"

"Aliyamaliza. Akaongezwa, akamaliza tena."

Mwanamke yule alivua kofia yake ya kazi na kuilaza mezani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi.

"Anza tena," alisema. "Lakini anzia kabla hajafika mlangoni kwenu."

Hasifa alitaka kusema kwamba hapo hakuwa na macho, kwamba alikuwa ndani na mlango umefungwa. Lakini akamwona. Mtu yule alikuwa akija, kofia mkononi, jua limempiga usoni, na vumbi la njia limempanda hadi magotini.

"Kwanza alipita milango miwili bila kubisha," alianza, na Afande Adero akafumba macho.