Gari ama Nyumba

Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Yamumbi, mwaka wa ishirini na sita huu. Kwa hivyo mke wangu aliposema tutafute gari-nyumba, sikuomba ushauri wa mtu. Nilienda kununua mwenyewe, na kosa nililofanya ni langu peke yangu, na bado linaniuma.

Haja ilikuwa ya kweli. Mama mkwe wangu, Mama Nasambu, alikuwa hajamwona dada yake wa Taveta kwa miaka kumi na tisa, na dada ameanza kusahau watu. Mama mwenyewe magoti yamechoka, na choo kinamwita kila nusu saa. Dereva gani wa basi atakubali hiyo? "Nipelekeni kabla hajanisahau na mimi," alisema. Mke wangu akalia. Mimi nikatafuta gari.

Mzee Kipkemboi wa Ziwa alikuwa nayo: dizeli ya miaka thelathini, aliachiwa na Mzungu mmoja, ina kitanda, jiko na choo ndani. Nilimwambia nitafika saa kumi na mbili asubuhi, asiiguse. Nikafika, nikaweka mkono juu ya injini. Moto!

"Mzee, umeiwasha."

"Kidogo tu, isisikie baridi."

"Isisikie baridi! Kwani ni mtoto?"

Nilikasirika vibaya sana. Dizeli ikishapashwa moto inakuficha kila ugonjwa. Nikarudi nyumbani, nikaja tena kesho yake, nikaikuta baridi kama jiwe. Ikaguna, ikakohoa, ikashika. Moshi mweupe kidogo, ukaisha. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, haikunipulizia moshi usoni. Nikaingia chini na nyundo, nikagonga chesisi nikitafuta kutu, Kipkemboi akipiga kelele kwamba namvunjia gari. Nikabonyeza kuta kwa kidole gumba, kila pembe, chini ya kila dirisha, maana maji yakishaingia kwenye mbao, bodi inaoza ndani kwa ndani. Pembe moja tu ndiyo ilikuwa laini. Matairi yalionekana mapya, lakini nilisoma tarehe yake ubavuni, nikakuta ni ya zamani, nikamwambia hayo abaki nayo.

"Na uone," mzee akajisifu, "kutoka usukani mpaka kitandani unapita tu humo ndani. Hakuna mlango!"

Nikasema safi sana, nikalipa. Safi sana! Mjinga mimi.

Jumapili Mama Nasambu akaja kuikagua. Alisimama mbali nami, kama kawaida. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe hawashikani mikono, wala hawalali chini ya paa moja. Miaka kumi na minane ameongea nami kupitia mke wangu, hata nikiwa hatua kumi kutoka kwake.

Akaingia kwa mlango wa nyuma na fimbo yake, akabonyeza kitanda, akafungua choo, akafurahi. Kisha akaona usukani. Akatoka.

"Muulize baba Brian," akamwambia mke wangu, "hii ni gari ama ni nyumba?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia! Mwambie ni gari-nyumba."

"Kama ni gari, nitapanda. Kama ni nyumba, mkwe wangu hawezi kuwa ndani na mimi nimelala. Achague moja."

Jirani yangu Yasin, mwenye malori, alicheka mpaka akaketi chini. "Kituyi, fundi mzima! Umekagua mpaka tarehe ya matairi, ukasahau mama mkwe!"

Mama akachukua mkoba wake. "Basi. Nitamsalimia kwa simu." Hapo hata Yasin aliacha kucheka. Sote tulijua kwamba kwenye simu dada yake humuuliza yeye ni nani.

Siku hiyo hiyo nikaleta plywood, nikaziba ule upenyo kutoka juu hadi chini, skrubu arobaini. Mbele gari, nyuma nyumba. Mama akaigonga kwa fimbo kila mahali, vile nilivyogonga chesisi. "Mwambie imepita," akasema.

Alhamisi tukaondoka na ile baridi yetu ya asubuhi. Injini ikashika mara moja. Mimi mbele peke yangu, mke wangu nyuma na mama yake. Karibu na Timboroa nikasikia fimbo ikigonga plywood. Nikasimamisha gari, roho mkononi.

"Baba Brian." Yeye mwenyewe, si kupitia mtu. "Una kile kitu cha kutoboa?"

"Ninacho, mama. Kuna nini? Choo kimeziba?"

"Toboa tundu moja, dogo. Miaka kumi na tisa nimengoja safari hii, na huku nyuma naona tu mahali tumetoka."

"Mama, nikitoboa si itakuwa nyumba tena?"

"Kwani wewe utapita kwa tundu la jicho?"

Nikatoa drili, nikatoboa. Jicho likatokea, limejaa machozi. Na mimi macho yangu yakaanza kuniwasha, nikabaki pale nikilitazama.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Angalia Taveta."