Figo ya Ebla

Wazee wa ukoo wa mgonjwa wangu Kerrow waliniletea uamuzi wao nikiwa nasafisha mashine ya kuchuja damu, na sikuwa na hamu ya mikutano. Aliyewaongoza ni ami yake Kerrow, Mzee Warsame. Alinitangazia kwamba mambo yamekwisha: Ebla, dada yake Kerrow, atatoa figo. Ebla mwenyewe alikuwa nyuma yao kabisa, ameshika thamosi ya chai.

"Huyu ameachika, na watoto yake imekuwa kubwa," Warsame alinieleza, kama mtu anayechagua ngamia wa kupeleka sokoni. "Hii wanaume yote iko na familia ya kulisha."

Mimi ni muuguzi, mtu wa Meru, na nimekaa Garissa vya kutosha kujua kwamba hapa tatizo la mmoja ni la ukoo mzima. Mtu akiugua wanachanga, akiua mtu wanalipa wote. Utaratibu huo naupenda, na kwetu ungetufaa sana. Ila figo haichangwi. Inatolewa kwa mtu mmoja, na huyo mmoja hakuna aliyekuwa amemtazama tangu waingie.

"Sasa figo ya mwanamke haitamlegeza?" mzee mmoja akauliza.

"Itamkojoza, mzee," nikasema. Aliyecheka ni Ebla peke yake.

Kerrow alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, akizunguka Balambala kote. Alikuwa na presha miaka mingi bila kujua, maana presha haiumi. Kichwa kikimgonga alimeza dawa za maumivu za dukani, nazo zikamalizia figo zilizokuwa zimebaki. Alipoletwa kwetu miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Tangu hapo mashine ndiyo inayomchujia damu, mara mbili kwa wiki, na siku za katikati anapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, katika jua hili letu. Maji yakizidi hayana pa kutokea, yanamjaa mapafuni. Lakini akienda kwa watu anakaribishwa maziwa. Akikataa wananuna, na akinywa analetwa kwangu akihema. Nimemgombeza mara nyingi sana. Pia nampenda, sitaficha, kwa sababu ndiye mgonjwa pekee anayeniuliza kama nimekula.

Sasa mshipa wa mkono tunaomuunganishia mashine ulikuwa unaziba, na wa pili ulishakufa. Bila figo nyingine, Kerrow hakuwa na muda mrefu.

Vipimo vikaonyesha kwamba damu ya Ebla inapatana na ya kaka yake. Daktari Mutuku, anayetujia kutoka Nairobi, akataka kuzungumza naye peke yake kabla ya kumwambia mtu yeyote majibu. Wazee hawakulielewa hilo la peke yake. Walikubali tu kwa kuwa mimi mwanamke ningeketi ndani, wakabaki kwenye benchi nje ya mlango.

Daktari alimweleza kila kitu bila kupamba. Kwamba figo moja inatosha kumweka mtu hai, lakini upasuaji ni upasuaji. Kwamba Kerrow atameza dawa maisha yake yote ili mwili wake usiikatae figo ya mwenzake, na bado huenda ukaikataa. Kisha akauliza, "Je, wewe unataka?"

"Wazee wamesema."

"Nakuuliza wewe, mama. Ukikataa, nitawaambia kwamba hufai kutoa. Sitaongeza neno."

"Wewe utadanganya wazee?"

"Asiyetaka hafai kutoa. Huo si uongo."

Ebla alinigeukia. "Sista, ni kweli?"

"Ni kweli," nikamwambia.

Alivuta mtandio wake mbele. Nje Warsame alikuwa anakohoa.

"Basi nimekataa," akasema.

Roho iliniuma. Nilimkasirikia, kusema kweli, mwanamke ambaye hakuwa amenikosea lolote, kwa sababu mgonjwa wangu alikuwa chumba cha pili ameunganishwa na mashine kwa ule mshipa unaoziba. Daktari aliitikia kwa kichwa, akafunga faili, akainuka kwenda kuwaambia wazee.

"Keti, daktari. Unakimbia wapi?" Ebla alisema. "Nilitaka kusikia hiyo maneno ikitoka mdomo yangu. Mimi sijawahi kusema hiyo maneno, hata siku ya kuolewa. Sasa uliza tena."

Daktari aliketi. Akauliza tena, kwa maneno yale yale.

"Nataka," alisema Ebla. "Lakini hao wa nje usiwaambie kitu. Waache wangoje."

Alitoka na thamosi yake. Wazee waliinuka wote pamoja, Warsame akaanza kuuliza, naye akawapita bila kusimama, akaingia chumba cha mashine. Nilimfuata, maana zamu yangu ilikuwa huko. Walizungumza Kisomali, lakini hicho kidogo nakielewa.

"Walaal," alimwambia kaka yake, "nitakupa figo."

Kerrow hakufungua macho. Uamuzi wowote uliomhusu siku hizo ulitoka kwenye benchi la wazee.

"Nani amesema?" akauliza.

"Mimi."

Ndipo akafungua macho, akamtazama dada yake, akaanza kulia.