Kutu Ndani ya Ufa

Ndoano ya kreni ilikatika, na kampuni ya chuma ikamsimamisha kazi dereva wake, Molefi, eti alizidisha mzigo. Mhandisi wa vifaa, mchunguzi wa vyuma vilivyovunjika, Refilwe Mokhethi, alivikagua vipande viwili vya ndoano maabarani. Ndani ya mvunjiko mlikuwa na kutu: ufa ulikuwa wa zamani, na kampuni haikuutazama.

Meneja Pretorius aliingia, akavishikanisha vipande na kuvisugua. Kitu kikivunjika kila mtu hukishikanisha, isipokuwa mhandisi wa vifaa, kwa sababu alama hufutika. Pretorius naye alikuwa mhandisi wa vifaa.

"Dada Refi, kiti cha mkuu wa maabara ni chako. Andika tu Molefi alizidisha mzigo."

"Baba yangu alipoungua kwenye tanuri mliandika hivyohivyo. Uzembe wake."

"Mimi sikuwepo."

"Kampuni ilikuwepo. Na picha nilishapiga asubuhi, bosi, kabla hujaja kusugua."

Kwa picha hizo, Molefi alirudi kwenye kreni yake. Kiti cha mkuu wa maabara alipewa mtu wa makao makuu, asiye mhandisi. Wiki yake ya kwanza mkuu huyo alimletea Refilwe ekseli ya lori iliyokatika, vipande amevishikanisha vizuri, amevifunga kwa utepe.