Kadi Tatu za Orville

Mume wangu Orville ana ugonjwa ambao hakuna daktari hapa Oklahoma anayeuweza: kusema kweli. Asubuhi ya kwanza ya msimu wa kulungu, askari alitusimamisha kwa sababu taa ya nyuma ya pikapu yetu ilikuwa imekufa. Bunduki ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Askari akaomba leseni. Mtu mwenye akili zake hutoa leseni ya udereva akanyamaza. Orville akatoa ya udereva, akaongeza ya kuwinda, kisha, kifua mbele, akatoa kadi ya bangi ya matibabu aliyopewa na jimbo.

"Vitu vyangu vyote ni halali, kijana," akasema.

Mdomo uliponza kichwa! Jimbo linaruhusu bangi hiyo, ila kwa serikali kuu bangi ni bangi, na anayeitumia haruhusiwi kumiliki bunduki, hata ya kuwindia. Ripoti ya yule askari ikafika kwa waendesha mashtaka wa serikali kuu. Orville ana miaka sitini na nane. Hula nusu pipi ya bangi kabla ya kulala, kwa sababu ya mgongo alioumia kwenye visima vya mafuta. Wakamshtaki kwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka kumi na mitano.

Nilimsema miezi kumi na moja.

"Nani alikuomba hiyo kadi, Orville? Nani?"

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, Nadine."

"Basi Mungu wako aje anilishie ng'ombe ukiwa jela!"

Yeye anacheka tu. Eti huko jela angalau atapumzika na kelele zangu. Jamani, kuna siku nilishika kikaango nikakiweka chini. Mimi silali, presha inapanda, yeye anakoroma.

Mahakama ilitupa wakili, binti mmoja mwembamba aitwaye Castellaw. Hakubisha kwamba Orville anakula bangi. Alishika Katiba: raia hanyang'anywi haki ya kuwa na silaha hivi hivi, serikali lazima ionyeshe kwamba tangu enzi za walioiandika kulikuwa na sheria za namna hiyo. Mwendesha mashtaka akaleta sheria kongwe za walevi.

"Sawa," Castellaw akajibu, "lakini zile zilimzuia mlevi kushika bunduki akiwa amelewa. Pombe ikimtoka, anachukua bunduki yake anakwenda kuwinda. Hakuna aliyenyang'anywa kwa sababu alikunywa jana."

Kisha akamgeukia yule askari kizimbani. "Asubuhi ile, Bwana Hutchens alikuwa amelewa?"

Askari akajikuna shingo. "Hapana. Alinuka kahawa tu. Alinikaribisha donati."

Watu wakacheka, hata mimi.

Wiki sita baadaye tukaitwa kusikia uamuzi. Jaji akaanza kusoma kwamba bangi ina madhara, kwamba Bunge lina sababu nzuri za kuogopa, kwamba sheria hii imelinda wengi. Kurasa kwa kurasa! Nikajua tumekwisha. Nikaanza kuwaza nani atanisaidia kufunga nyasi za ng'ombe kiangazi kikija, machozi yakinitiririka bila aibu.

"Hata hivyo," jaji akasema.

Serikali haikuonyesha kwamba mtu huyu aliwahi kushika bunduki akiwa amelewa, wala kwamba ni hatari kwa yeyote. Sheria yenyewe inabaki, ila kuitumia dhidi ya Orville Hutchens ni kinyume cha Katiba. Shtaka limefutwa. Castellaw akanong'ona kwamba upande wa pili umeshamwambia hawatakata rufaa.

Alhamdulillahi, wangesema majirani zangu Waislamu wa zamani. Mimi nilipiga kelele tu, mlinzi akanikodolea macho. Nilikuwa mwepesi, ningeweza kurudi nyumbani kwa miguu. Huko nje nikageuka nimpe Orville neno langu la mwisho kuhusu ile kadi, nililokuwa nimelitunza miezi yote.

Orville alikuwa ameketi kwenye ngazi. Mabega yanatikisika, kofia ameibana usoni kwa mikono miwili.

"Nilidhani ningefia huko ndani, Nadine," akasema. "Kila usiku nilidhani hivyo. Nilikuwa najifanya nakoroma ili na wewe upate usingizi."

Nikaketi kando yake, na neno langu la mwisho nikalimeza.