Mguu wa Fundi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, lakini siku ile kliniki zilinywea zote. Mtoto wangu wa kwanza, miezi miwili, alikuwa na kilo tatu na gramu mia tisa. Mwezi mzima ameongeza gramu mia mbili tu. Nesi akaweka nukta kwenye kadi, akasema turudi baada ya wiki. Asipoongezeka vya kutosha, daktari amwone, na huenda aanzishiwe maziwa ya kopo.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa kando yangu. Yeye mjukuu wake humwita "mume wangu", na tangu mtoto atimize mwezi mmoja wimbo wake ulikuwa ule ule: mume wangu anakonda, maziwa yako mepesi, mpe uji. Uji, mtoto hata shingo haijakaza! Tuligombana juu ya uji huo hadi mume wangu, yule mkubwa, akawa anakula kazini. Lakini ukweli niuseme. Kilichoniuma ni kwamba nami nilishaanza kumwamini. Nilikuwa najifungia bafuni, nakamua matone mawili kiganjani, nayatazama, nalia.

Nilimwambia nesi kuwa mtoto ananyonya kutwa nzima, na sikudanganya. Mimi ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda changu, na nilikuwa na sare za shule dazeni tatu zinazosubiri mikono na kola. Nilimfunga mtoto kifuani kwa khanga, anyonye huku mkono wangu unasukuma kitambaa na mguu unakanyaga. Nilijiona mjanja wa mtaa mzima. Mshika mbili, moja humponyoka, na mimi nilishika tatu.

Nesi akataka nimnyonyeshe mbele yake. Mtoto alishika titi vizuri, akameza kwa dakika tatu nne, tena kwa kishindo. Kisha macho yakafumba, kidevu kikabaki kinatetemeka tu. Nesi akainama kumtazama kidevu, halafu akainama zaidi, akatazama sakafuni.

"Huo mguu unafanya nini?"

Nikatazama. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kwenye sakafu ya watu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na mapaja yanamtikisa mtoto.

"Unashona," mama mkwe akajibu kabla yangu.

Nesi alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia niutulize. Akamkuna mtoto unyayo, na yule bwana akafumbua macho, akaanza kumeza upya. Maziwa yapo, nesi akasema, ila mimi namlaza kabla hajashiba, na mlio wa cherehani ndio unammaliza kabisa. Nisinyonyeshe tena nikiwa kazini. Nimwache amalize upande mmoja ndipo nimpe wa pili, na akisinzia mapema nimvue nguo nimwamshe.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kifungo. Nilikaa chumbani kitandani, nasikia sare zinaniita, na mguu haukusikia la mtu. Mama mkwe akaja akaketi karibu, akaweka mguu wake juu ya wangu, mzito kama pasi ya mkaa, akauacha hapo. Mama mmoja alipokuja kudai sare za wanawe, mama mkwe alimkatia mlangoni kwamba fundi yuko kazini, arudi kesho.

Siku ya tatu mtoto aliachia titi mwenyewe. Sikuwahi kuliona hilo. Alilegea mikono, tone la maziwa kwenye shavu, amelewa. Nilifurahi hadi nikamwita mama mkwe aje aone, nikasahau kwamba tumenuniana.

Wiki ilipoisha mizani ilisoma kilo nne na gramu mia na hamsini. Nesi alisoma mara mbili, akasema hapa kopo la nini. Mimi ulimi ukaanza kuniwasha. Nilikuwa nimemwekea mama mkwe maneno yangu ya uji, nimeyanoa wiki nzima. Nikageuka nimpe.

Alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili, analia bila sauti.

"Baba yake alikuwa hivi hivi," akasema. "Wakaniambia maziwa yangu hayatoshi. Nikamwachisha ana miezi miwili. Nimeamini hivyo mpaka leo."

Yale maneno yangu sijui yaliishia wapi.

"Mama, pengine maziwa yalikuwepo."

"Pengine," akasema.

Nikampa mtoto amvalishe. Alifunga kifungo kimoja kimoja, taratibu, foleni nzima inatungoja, na mimi sikumharakisha.